Kimya Chini ya Mianga

Skuta ya theluji ilizama saa saba mchana, mita mia mbili kutoka ukingoni mwa ziwa. Haikuzama yote. Pua yake iliingia kwenye theluji laini, maji ya kijivu yakapanda kutoka chini, ikakwama pale pale. Sleji iliyokuwa ikivutwa nyuma haikukwama. Iliteleza ikaja na uzito wake wote, na mzee Issát, aliyeketi sehemu yake ya mbele mguu mmoja nje kama kawaida yake, akabanwa goti kati ya mbao za sleji na chuma cha skuta. Mpwa wake Risten, aliyekuwa akiendesha, alisikia kitu kikilia kama ukuni mkavu ukivunjika, kisha akasikia matusi.

Aliruka chini kumkimbilia. Maji yaliyojificha chini ya theluji yalimfika magotini, yakajaa ndani ya mabuti yake ya mpira, mapya, ya bei mbaya. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.

Kosa lilikuwa la wote wawili. Risten alikuwa akipanga safari ya Februari: wageni kumi wa mijini waliotaka kuja kuona mianga ya kaskazini ikicheza angani na kulala kwenye kibanda cha ng'ambo ya ziwa. Njia yote ilipita katika malisho ya Issát, kaka wa mama yake, na bila ridhaa ya mzee hakuna safari. Alikubali kuja kuikagua, akaja amekunja uso. Tangu Risten aache ufugaji wa kulungu miaka minne nyuma, mzee alikuwa hamsemeshi ila kwa kumchoma. Walipofika kilima cha mwisho wakawakuta kulungu wake mia nne wametanda njiani, wakifukua theluji wapate kula.

"Zunguka," alisema Issát.

"Kuzunguka ni kupita kwenye mdomo wa mto, unapoingia ziwani, mjomba. Barafu ya pale siiamini."

"Januari hii? Hata kanisa lingepita. Ukiwatawanya hao ni siku tatu kuwakusanya. Utakuja kuwakusanya wewe, na mabuti yako hayo?"

Mtu mwingine yeyote angepita katikati ya wanyama bila kufikiri. Risten hakuweza. Kutawanya kulungu wa mtu wakati wa njaa ya baridi ni aibu aliyoinyonya kwa mama yake. Akakata kushoto. Mzee naye, kwa hasira, alisahau alichokijua tangu utotoni, kwamba theluji nyingi ikiwahi kuanguka huifunika barafu kama blanketi na kuizuia isikomae. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyesikia la mkuu ndiye aliyezama, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Risten alimburuta mzee na sleji hadi penye barafu kavu.

"Umevunjika?"

"Goti limekwenda kwao. Simu?"

"Imekufa kwa baridi."

"Nani anatungoja?"

"Hakuna. Mpaka kesho jioni."

Kijiji kilikuwa kilomita arobaini nyuma. Kibanda, chenye jiko, kuni na redio, kilikuwa kilomita saba mbele. Uwanda ule hauna mti wa kuchoma, na upepo ulikuwa umeanza kuokota theluji na kuwatupia usoni.

"Miguu yako imelowa," alisema Issát.

"Kidogo."

"Usinidanganye mimi. Vua."

Mzee mwenyewe alikuwa ameshaanza kufungua viatu vyake, vya ngozi ya kulungu, ncha zimepinda juu, ndani vimeshindiliwa, ili kutunza joto, nyasi kavu za bwawani alizozikata Agosti na kuzipiga mpaka zikalainika. Risten alikuwa na kawaida ya kuwaonyesha wageni nyasi zile. Wageni walicheka, naye alicheka pamoja nao. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Sivai viatu vyako, mjomba. Wewe je?"

"Miguu yangu haiendi popote leo. Yako inaenda. Usinibishie, naona baridi."

Akavaa. Aliizungushia miguu ya mzee skafu yake na ngozi ya kulalia, akamfunga kwenye sleji, akakwangua barafu kwenye vyuma vyake vya kutelezea kwa kisu, akajitwika kamba begani. Baada ya nusu saa vidole vyake vilianza kuuma vibaya hata machozi yakamtoka na kuganda kwenye kope.

"Vinauma?" aliuliza mzee.

"Vinaniua."

"Basi vizima. Vuta."

Akavuta. Mwanga wa buluu wa mchana usio na jua ulikwisha. Alihesabu hatua mia, akapumzika, akahesabu tena. Kila mapumziko alimwita mzee, na mzee alimjibu kwa tusi jipya. Alimwita punda wa wageni. Alisema hata kulungu kipofu huvuta vizuri kuliko yeye. Risten alizipokea dhihaka hizo kwa shukrani, maana maiti haitukani.

Kisha mianga ikatoka.

Ilianza kama uzi wa kijani juu ya vilima, ukapanuka, ukashuka, mbingu nzima ikatikisika juu yao. Na Issát akanyamaza. Risten alijua kwa nini, au alidhani anajua. Kwao mianga haifanyiwi kelele. Hupigi mluzi, huimbi, huifanyii mzaha, isije ikashuka kukuchukua. Yeye mwenyewe aliwasimulia wageni habari hiyo kama kichekesho. Sasa alivuta hatua mia, akasimama. Mzee kimya. Mia nyingine. Kimya. Aligeuka, akaona ndevu zilizoganda na macho yaliyofumba.

Hofu ilimshika kuliko ilivyomshika kwenye maji. Hakuweza kujua kama mzee anaheshimu mbingu au amekufa.

Kwao kila mtu ana wimbo wake, usio na maneno, na kuuimba ni kumwita mwenyewe aje. Wa Issát ulikuwa mfupi na mkorofi. Risten aliinua kichwa chini ya ile mianga akauimba, kwa sauti iliyopasuka, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nyamaza, mwanaharamu wewe," ilisema sauti kutoka kwenye sleji. "Unataka ituchukue?"

Risten alicheka huku analia. Akavuta mpaka kwenye kibanda bila kusimama tena.

Helikopta ya uokoaji iliwafikia asubuhi. Hospitalini Issát alikatwa vidole vitatu vya mguu. Ile ngozi ilikuwa imelowa upande mmoja tangu mwanzo, naye hakusema. Risten alitoka na vyake vyote kumi.

Wiki ya pili alimpelekea mzee ramani. Alikuwa amechora njia mpya, ndefu, iliyokwepa ziwa na kuwakwepa kulungu. Issát aliitazama, akaomba penseli. Aliifuta njia ile kwa kidole gumba kilicholowa mate, akachora mstari mmoja ulionyooka katikati ya malisho yake.

"Watatawanyika, mjomba."

"Nitawakusanya," alisema mzee. "Ni siku tatu tu."