Ndoo ya Pili

Haya yalimpata rafiki yangu, ambaye siku hizi ni fundi cherehani, alipokuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua.

Mchana mmoja mama yake alimwambia, "Mwanangu, hebu kachungulie tangi la chini ya ardhi. Na usiniletee maneno ya mwalimu wako wa jiografia."

Mwalimu huyo alikuwa amewaambia wasichana wa darasa lao kwamba wakifika umri wa kuolewa, hakutakuwa na maji hata ya kumwogesha bibi harusi. Wasichana walicheka mpaka mmoja wao akaanza kulia.

Rafiki yangu akafungua mfuniko. Ndani giza totoro. Akashusha ndoo, ikagonga sakafu kavu, ko! Kwa utani akaita, "Jamani, huko kuna maji?"

Sauti ya msichana ikajibu taratibu, "Sisi tulidhani huko juu ndiko yaliko."

Akavuta kamba. Ndoo yake ilirudi tupu. Chini yake ilining'inia ndoo nyingine ndogo, imefungwa kwa utepe wa nywele, nayo tupu, mshikio wake ukiwa bado na joto la mkono wa mtu.