Vyumba vya Bonasi

Kila asubuhi Wacuka hufungua vyumba vitatu visivyolalwa na mtu, akavifagia, kisha akavifunga tena. Nyumba yake ya mawe iko juu ya shamba la majani chai, upande wa Sotik. Marehemu mumewe, Mbuthia, aliijenga polepole, kila bonasi ya chai, yale malipo ya ziada ya mwisho wa mwaka, chumba kimoja. Ndiyo maana vyumba vina majina: Bonasi ya Kwanza, Bonasi ya Eugene, na kile chembamba cha mwisho, Bonasi Mbaya. Mwaka huo pesa zilitosha kuta tatu. Wa nne ni mbao mpaka leo.

Zamani watoto walijaa humo, wakigombania blanketi. Sasa kulikuwa kimya, na goti la Wacuka lilikataa kukunjika. Daktari alitaka lipasuliwe. Mwanawe Eugene akapiga simu kutoka Nairobi.

"Mami, uza nyumba. Tulipe hospitali, uje ukae kwetu."

"Kwenu ni ghorofa ya nne. Lifti iko?"

Eugene akakohoa.

"Basi mtanivuta kwa kamba kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani."

Alipokata simu, hakucheka. Mnunuzi aliyetafutwa na Eugene angekuja Jumamosi.

Ijumaa alikuja jirani yake Chepchirchir, mhudumu wa afya wa jamii, kumpima presha.

"Imepanda, kogo," alisema. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. "Umekula chumvi?"

"Nimekula maneno ya Eugene."

Akamweleza yote.

"Kwani huna bima?"

Wacuka akatoa kadi ndani ya Biblia.

"Kogo, hii ni ya bima ya zamani. Tena ni ya mzee. Alikatwa pesa za bima kwenye mshahara kule kiwanda cha chai. Alipostaafu, ikaisha."

"Na mimi nimeifunga nailoni miaka tisa isinyeshewe."

"Siku hizi unajiandikisha mwenyewe kwa kitambulisho. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, kulingana na kipato. Halafu uliza hospitali kabla ya kulazwa: bima italipa nini, wewe utabaki na nini."

"Ya mwaka mzima nitoe wapi? Watu wa bima wakiona nyumba ya mawe wanasema mimi ni tajiri. Duka la dawa likiona pochi yangu linajua ukweli."

Chepchirchir akatazama milango iliyofungwa. "Walimu wapya wanatafuta vyumba."

"Hivyo ni vya watoto."

"Wanakuja lini?"

"Krismasi." Wacuka akairudisha kadi ndani ya Biblia. "Walikuja ile ya mwaka juzi."

Jumamosi mnunuzi alipewa chai. Nyumba hakupewa.

Mwezi huo walimu wawili, Fancy na Bochaberi, waliingia. Kodi yao ikalipa bima. Hospitali ikamwambia Wacuka kiasi kitakachobaki, na bonasi ya Oktoba ikakimaliza. Goti likatengenezwa. Jioni walimu wakigombania beseni, Wacuka alizima redio asikilize.

Krismasi Eugene alimkuta mama yake akitembea bila fimbo. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba chake. Mlango ulikuwa na kufuli ya mwalimu Fancy.

"Sasa mimi nitalala wapi, Mami?"

Wacuka akamfungulia Bonasi Mbaya.

"Humu. Wenzako wanalipa kwa mwezi. Wewe utalipa kwa kuchuma chai."