Igoki wa Ndani ya Chupa

Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Nimeuza dukani hapa Nchiru miaka kumi na mmoja, nimefukuza walevi kwa ufagio, na habari za mapepo huwa nasema ni za watu wasio na kazi. Lakini hili lilimpata Sheila, mdogo wangu wa tumbo moja, na nililiona kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane.

Ilianza Jumamosi ya kawaida tu, Machi mwaka juzi. Sheila alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, baada ya kungoja miaka sita. Kanisa zima lilikuwa limemwombea. Mumewe Gichovi ni wa Kiritiri, na kwao ni kama kwetu: msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Na si jina tu. Ni yule bibi anarudi. Ndiyo maana utasikia mwanamume mzima akimwita bintiye wa miezi mitatu "mama", na hakuna anayeshangaa.

Mama ya Gichovi aliitwa Igoki. Alifariki Januari hiyo, nyumbani kwa Sheila, alikokuwa amekuja kutibiwa ugonjwa wa sukari. Alikuwa mtu wa ugoro, na kitambaa chake cha kichwa alikifunga vifundo viwili upande wa kushoto, siku zote, hata akienda kulala. Siku ile ya mwisho aliomba chai ya rangi, sukari vijiko vinne. Sheila akamnyima, maana daktari alikuwa amekataza. Bibi akamwangalia, akasema polepole, "Sawa. Nitainywa tu, hapa hapa kwako." Kabla ya saa kumi jioni alikuwa amekata roho.

Basi Machi hiyo, mwenzake mmoja wa ofisini akampa Sheila mbegu ya kuanzia kombucha, kinywaji cha chai iliyochachushwa. Ni utando mnene, unateleza, na wanaotengeneza kinywaji hicho huuita mama. Unachemsha chai ya rangi, unatia sukari nyingi, ikipoa unamtumbukiza mama, unafunika kwa kitambaa, unakaza na mpira, unaiacha kivulini siku kumi. Mama anakula ile sukari. Chai inachachuka, na juu yake panaota utando mwingine. Sheila mwenyewe hakuwa akiinywa kwa sababu ya mimba. Alikuwa akimtengenezea Gichovi, anayesumbuliwa na tumbo.

Wenzake wa ofisini kila mmoja alikuwa amempa mama wake wa chupa jina, kwa mzaha. Jumamosi hiyo Sheila akaniita jikoni kwake, akanionyesha chupa kubwa ya kioo juu ya kabati.

"Dada, salimia Igoki," akaniambia. "Hataki kingine, ni chai ya rangi na sukari tu. Safari hii simnyimi."

Tulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Wiki ya pili mpira wa chupa ulipatikana sakafuni. Kitambaa kilikuwa bado juu, kimefungwa vifundo viwili, upande wa kushoto. Sheila alifikiri ni Gichovi. Gichovi alifikiri ni mimi. Sisi sote tuliachana na hayo mambo, maana nani anataka kugombana kwa sababu ya kitambaa. Ila nilipoifunua chupa niinuse, haikunuka uchachu. Ilinuka ugoro.

Mimba ilipofika miezi saba, Sheila alikuja dukani bila viatu.

"Dada, mtoto hachezi. Tangu juzi."

Nilifunga duka. Kliniki wakampima, wakasema moyo wa mtoto unapiga, lakini taratibu, arudi kesho yake mapema. Tukarudi kwake saa nane mchana. Nikamketisha jikoni, nikafungua dirisha. Nje wanafunzi wa chuo, majirani zake, walikuwa wakifua nguo na kupiga kelele zao za kawaida. Sheila akaweka viganja juu ya tumbo, na kwa mara ya kwanza akamwita mtoto kwa jina lake.

"Igoki," akasema. "Igoki wangu, cheza kidogo."

Tumbo likanyamaza.

Juu ya kabati kitu kikageuka.

Nilitazama. Utando ulikuwa mnene kama chapati nne. Ukainuka katikati. Ukashuka. Ukainuka tena. Kisha, kutoka ndani ya kioo, nikasikia kikohozi. Kifupi, kifupi, kirefu. Nilikijua. Nililala chumba kimoja na kikohozi hicho wiki mbili, nilipokuwa nikimsaidia Sheila kumuuguza bibi.

"Usiite tena," nikanong'ona.

Jioni Gichovi alimpigia simu shangazi yake Beth, dada ya marehemu baba yake. Asubuhi kliniki wakampima Sheila tena, jibu likawa lile lile, na kutoka hapo Gichovi akaazima pikapu tukateremka Kiritiri, chupa ikiwa kati ya miguu yangu. Shangazi Beth ni mama wa kanisa, tena mweka hazina. Aliitazama chupa kutoka mlangoni, akakataa kuigusa.

"Mmekipa kitu jina la mtu," akasema. "Mwenye jina ameitwa, amekuja. Sasa huyo wa tumboni ataingiwa na nani?"

Gichovi akauliza tufanye nini.

"Mpelekeni kwake, kaburini. Huyu msichana aombe msamaha, ampe ile chai aliyomnyima."

Kaburi liko nyuma ya boma. Ilikuwa saa saba, jua kali, mbuzi wamelala kivulini kando ya ua. Sheila akapiga magoti na tumbo lake.

"Mama, nilikunyima chai," akasema. "Halafu nikakufanyia mzaha. Kunywa sasa. Niachie mtoto wangu."

Akaimimina ile chai ya chupani juu ya kaburi. Udongo ukanywa yote mara moja. Hata povu halikubaki. Lakini utando haukutoka. Ulikwama mdomoni mwa chupa. Sheila akaingiza mkono auvute.

Mkono haukutoka.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo sana. "Utando umenishika."

Gichovi hakungoja. Aliipiga chupa kwa mpini wa jembe, ikapasuka. Tulitafuta kati ya vigae, sisi watatu, tukiinua kimoja kimoja. Utando haukuwepo. Sheila alikuwa ameshika tumbo, analia.

"Amecheza," akasema. "Jamani, amecheza."

Nikalia pia. Tulilia sote pale chini, hata shangazi.

Julai alizaliwa msichana. Alitoka na ngozi nyembamba imefunika uso, mkunga akaibandua, akasema hutokea mara moja moja. Tulimwita Igoki, akageuza kichwa. Ni mtoto mzuri, mzima, halii ovyo. Sheila amenona kwa furaha, na tangu siku ile hakuna aliyetengeneza kombucha katika ukoo wetu.

Hajafika miaka miwili. Jumamosi ya wiki iliyopita niliachiwa huyo mtoto dukani. Alinyooshea mkono chai yangu ya rangi, nikampa kidogo, bila sukari, kama mama yake alivyoagiza. Akaonja. Akakirudisha kikombe chini, akaniangalia. Mteja akaja, nikampimia unga, nikageuka.

Mtoto alikuwa ameketi kimya, mikono mapajani. Kopo la sukari lilikuwa wazi. Kikombe kilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, kule kivulini nyuma ya chumvi, ambako mimi mwenyewe hupanda kigoda kufika. Kilikuwa kimefunikwa kwa leso yangu. Vifundo viwili, upande wa kushoto. Na huyu mtoto hawezi hata kuvaa kiatu.

Sijamwambia Sheila. Alingoja miaka sita, nitamwambia nini? Leo ni siku ya nane. Kikombe bado kiko kule juu, sijakigusa. Wateja wameanza kuniuliza ninauza ugoro bei gani. Mimi siuzi ugoro.