Kilo Mbili za Kidari

Mvua ya kwanza ya Machi ikishanyesha Kitale, usithubutu kwenda duka la mbegu ukiwa na haraka. Foleni hutoka mlangoni, hupita kwa muuza viatu na kufika barabarani, na kila aliyemo ana shamba linalomngoja, liwe lake au la kukodi. Mwaka huo wa 2005, Nduta binti Gathii alikuwa amesimama humo tangu asubuhi, sweta la manjano limefungwa kiunoni, rasta zake ndefu zimemwagika mgongoni, uso ameukunja. Kibanda chake cha mapazia sokoni kilikuwa kimefungwa, na kibanda kikifungwa hakiuzi.

Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la damu ya mzee limepigwa pasi likanyooka, ila kucha zake zina girisi. Mbele ya kijana, kikongwe mmoja alimwaga sarafu zake kwenye kaunta, zikapungua. Kijana akatoa noti na kulipa tofauti.

"Chukua mbegu yako, kukhu," akamwambia kwa heshima ya kwao.

"Huyo ni nyanya yako?" Nduta akauliza.

"Hata simjui."

"Na umemlipia?"

"Si alikuwa amepungukiwa?"

"Na yako sasa itatosha?"

Kijana akatazama kilichobaki mkononi, akacheka. "Haitatosha. Niongezee basi."

"Ati nikuongezee? Bana, wewe una wazimu."

Akamwongezea. Nduta, ambaye majirani zake wa mtaa wa Tuwan walijua hakopeshi hata kiberiti, alitoa pesa akampa mtu asiyemjua jina. Akasema ataidai. Kijana akasema basi achukue namba ya simu, ndio adai vizuri.

Alikuwa Mukhisa, fundi wa matrekta ya miwa huko Bungoma, Mbukusu mzaliwa wa Kabuchai. Alilipa deni siku iliyofuata, na bado akaendelea kupiga simu.

"Mbona huwa unaniflash tu?" Mukhisa alimuuliza jioni moja. "Siku moja piga mpaka niongee."

"Salio yangu ni ya dharura."

"Na mimi si dharura?"

"Wewe ni hasara, Mukhisa."

"Basi hasara yako imekumiss, mama bajeti. Sema kitu kabla hii kadi iishe."

"Ongea polepole, isiishe haraka."

Walicheka mpaka kadi ikaisha. Mapenzi yao yalikuwa hivyo, mmoja akimwaga, mwingine akikinga, na kwa mwaka mzima waliona ni utani mtamu.

Watu walipenda kusema, ah, huyo ni Mkikuyu, pesa iko kwa damu. Uongo mtupu. Gathii, babake Nduta, naye alikuwa Mkikuyu, na aliwanunulia marafiki mpaka wakamkimbia kwa aibu. Siku moja mwenye nyumba aliwatolea vyombo nje, mvua ikanyesha juu ya magodoro, na Nyaruai, mamake Nduta, akakaa juu ya sufuria zake akilia mbele ya Tuwan yote. Nduta alikuwa darasa la sita. Tangu hapo kila Jumamosi aligawa mapato yake, ya kodi huku, ya unga huku, ya ploti ya kujenga huku, na ile ya ploti haikuguswa hata akiugua.

Kwa hivyo Mukhisa alipotaka kumuoa, alimpa sharti moja: kwanza ploti. Mukhisa akakubali. Kila mwisho wa mwezi alileta chake Kitale, Nduta akakiweka na chake. Muuzaji aliahidi kuwangoja hadi mwisho wa Agosti 2006.

Agosti hiyohiyo ikaja na mambo yake.

"Kijana wa Nabwile anaingia jandoni," Mukhisa akasema, wamekaa kwenye kibanda, pazia la waridi limewakinga na macho ya wateja. Nabwile alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa Sirisia. "Mimi ndiye khocha, mjomba wake. Lazima nimchinjie ng'ombe."

"Lazima na nani?"

"Mjomba ndiye humvalisha luliki. Ni nyama ya kidari cha ng'ombe, mtoto anawekewa shingoni ndio aende kutahiriwa akiwa na nguvu. Baba alikufa. Ndugu ya Nabwile ni mimi tu."

"Na ng'ombe ni pesa ya wapi?"

Mukhisa akainamia kikombe chake cha chai. Nduta akaelewa, akasikia magodoro yanalowa tena.

"Hapana," akasema.

"Nduta wangu, ploti si itapatikana nyingine?"

"Hapana, Mukhisa. Chochote kingine uniombe."

Mukhisa aliondoka bila kumaliza chai. Hakugombana, na hilo lilimuumiza Nduta kuliko matusi. Akaumiza kichwa atafute njia. Alimpenda yule mtu, tena sana, na alitaka awe na luliki na awe na ploti pia. Mwishowe njia ikaonekana, tena rahisi, mpaka akashangaa kwa nini Wabukusu hawajaiona siku zote. Si ni nyama ya kidari tu? Ng'ombe mzima wa nini?

Asubuhi ya shughuli alipitia bucha la Kitale akakatiwa kilo mbili za kidari, nyama nzuri isiyo na mafuta mengi, akaifunga kwa gazeti na kuitia kwenye kiondo. Alivaa gauni la bluu alilojishonea na viatu vya kisigino, akashukia Kabuchai huku njuga za mvulana zikisikika kutoka mbali. Uwanja wa nyumbani kwa Mukhisa ulijaa watu na nyimbo. Nduta akapita katikati, akapiga goti mbele ya Nasimiyu, mama mkwe mtarajiwa, akamkabidhi gazeti kwa mikono miwili.

"Mama, nimeleta ile ya kuvaa shingoni. Muache ng'ombe aishi."

Nyimbo zikafa. Nasimiyu akaangalia damu inayopita kwenye gazeti, akamwangalia msichana.

"Mtoto wangu avalishwe nyama ya bucha?" Nabwile akauliza, machozi yakimtoka. "Kuna ukoo gani hauna mjomba? Mwizi wewe, unataka kuniibia ndugu yangu."

Nduta hakuwa na habari, masikini. Hakuna aliyemwambia kwamba ng'ombe huanguka katika boma la mjomba, mvulana akitazama, na luliki huvaliwa ikiwa na joto. Kumvalisha ya kununua ni kumtangazia mbele ya watu kwamba mamake hana ndugu.

Mukhisa akapita uzio, akaenda kwa jirani yao Wekoye, akarudi akivuta fahali wa mkopo. Pikipiki yake ilibaki rehani kwa Wekoye. Kabla ya kisu kushuka alimsindikiza Nduta hadi barabarani.

"Nilikuwa nasaidia," Nduta akasema.

"Najua. Ungekuwa na ubaya ningekukasirikia, nimalize."

Simu zikakatika. Muuzaji wa ploti akaongeza muda, kisha akauongeza tena. Mauzo ya mapazia ya Krismasi yalikuwa mazuri na Nduta hakuyafurahia. Alilala na simu chini ya mto, akaweka hata salio, na mara mbili alipiga kabisa, si kuflash, akakata kabla haijaitika.

Januari, Mukhisa akatokea mlangoni Tuwan. Amekonda, shati limepauka kwenye kola. Nduta alimrukia kabla hajaketi, wakakumbatiana, na mamake Nyaruai akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya kwa jirani.

"Nimebadilika," Mukhisa akasema, akatoa bahasha. "Wekoye nimemlipa. Hii ni ya ploti. Nimejifunza kwako, mpenzi. Sasa nagawa kama wewe, na nikishagawa sigusi."

"Kweli?"

"Kweli. Juzi Nabwile alikuja Bungoma. Ametembea kutoka Sirisia kwa mguu. Kijana ameitwa sekondari, hana karo, na nafasi inafungwa. Nikamwambia sina bajeti yake. Pesa nilikuwa nayo, Nduta, hapa mfukoni. Nikamwambia sina, akarudi na mvua."

Aliyasema akitabasamu, akingoja asifiwe. Nduta akatafuta usoni mwake yule mtu aliyempenda, akaona ameanza kuondoka, na aliyemfukuza ni yeye.

"Mbona unalia? Si ndivyo ulitaka?"

"Ndivyo nilitaka. Mukhisa, chukua hii bahasha, na chako chote nilichoweka, mpelekee Nabwile."

"Na ploti?"

"Nitanunua pole pole, peke yangu."

"Na sisi?"

Akamshika mashavu. "Nakupenda mpaka naumwa. Lakini ukikaa na mimi utakuwa mtu wa kumfungia dada yake mlango. Na mimi nikikaa na wewe jinsi ulivyo, kila mvua ikinyesha nitaamka kuangalia kama tuko ndani. Sijui kubadilika. Nimejaribu miezi hii yote."

Walibishana hadi jua likashuka, kisha wakachoka. Mukhisa aliaga mara moja tu, akatoka.

Wiki iliyofuata, Nduta akimpimia mteja pazia, simu ikaita kwa namba asiyoijua.

"Ni Nduta? Ni Nabwile. Napiga na simu ya jamii, ya kulipia, wacha niseme haraka. Kijana ameingia shule leo. Mukhisa amesema ni wewe uliamua tupewe. Ile siku nilikutukana. Nisamehe, mulamwa."

Mulamwa ni wifi kwa Kibukusu. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwita hivyo. Mukhisa hakuwa amewaambia kwamba wameachana.

"Mulamwa, uko?"

"Niko."

"Mama anauliza utakuja lini. Amekuwekea jogoo, hataki mtu amguse."

Mteja alikuwa akingoja, ameshika ncha ya pazia.

"Mwambie asante," Nduta akasema. "Mwambie aendelee kumfuga tu."