Kwa Ajili ya Chumvi

Ukumbi wa maonyesho ya vinywaji ulifurika Jumamosi ile saa sita mchana, watu wakisukumana na glasi mkononi. Kwenye meza ya duka moja la pombe alisimama dada aliyevaa gauni la kijani na viatu vya chini, akiwamiminia wageni wiski za visiwani Uskoti. Wenzake walimwita Bi Pua, maana hakuna harufu iliyompita. Mbele yake akaja meneja wa baa ya hoteli kubwa, suti ya bluu, viatu vinang'aa, amejimwagia manukato kama anayezima moto.

"Kaka, rudi nyuma hatua mbili."

"Kwani nimekosa nini, mrembo?"

"Pafyumu yako. Imezifunika chupa zangu zote."

Watu walicheka. Meneja akarudi hatua mbili kweli, kisha akaomba namba ya simu kutoka hukohuko. Akapewa.

Miezi mitatu simu hazikupoa. "Pua yangu, umekula?" "Nimekula, msumbufu wewe." Kisha meneja akamwomba amchagulie wiski sita za menyu mpya na kueleza ladha ya kila moja, na jina la Bi Pua liandikwe chini. Bi Pua alikuwa ameuza chupa miaka tisa bila mtu kumuuliza anaonja nini. Kila glasi aliidondoshea matone mawili ya maji, akanusa, akaonja, akatema, akaandika. Aliyoipenda kuliko zote aliiandikia hivi: moshi, mwani, chumvi ya midomoni baada ya kuogelea baharini.

Alasiri ya uzinduzi, pale baa ya hoteli, akafungua menyu kwenye wiski ile. Asali. Vanila. Tunda bivu. Na chini kabisa, jina lake.

"Nani amefuta chumvi yangu?"

"Mimi, mpenzi. Wateja watasema unatia chumvi."

"Sitii. Imo."

"Nimeonja mara tano, siipati."

"Basi futa na jina langu."

Hakungoja afutiwe. Alichukua kalamu, akapita meza moja baada ya nyingine akilikata jina lake kwenye kila menyu, wageni wakimtazama, kisha akatoka kwa mlango wa mbele.

Shangazi yake, aliyemlea, alishika kiuno. "Mwanangu, mwanamume ana kazi, ana adabu, unamwacha kwa ajili ya chumvi?"

"Ndiyo, shangazi. Kwa ajili ya chumvi."

Nami nasema alifanya vyema. Meneja alipiga simu mpaka akapokelewa.

"Nisamehe basi, Pua yangu."

"Unajua kosa lako?"

"Nimekuudhi."

"Hujui." Akakata. Alimpenda sana, akalia stoo katikati ya makatoni, akanawa uso, akarudi kuuza.

Wiki ya pili, Jumanne asubuhi, alikuwa akipanga chupa rafuni mtu alipokohoa nyuma yake. Meneja, ndani ya fulana iliyopauka. Bi Pua alishangaa: hakuwa amenusa kitu.

"Nimeacha pafyumu siku nane," meneja alisema. "Nimiminie ile."

Akammiminia, akaongeza matone mawili. Meneja alinusa kwa muda mrefu, akaonja, akalamba midomo. Macho yakamtoka.

"Imo," alisema taratibu. "Ilikuwamo siku zote. Mimi nilikuwa najinusa mwenyewe."

"Na kama usingeipata leo?"

"Ningepaswa kukuamini vilevile. Hilo ndilo kosa langu." Akatoa menyu mpya mfukoni. Moshi, mwani, chumvi, yote yamerudi. "Nilizichapisha jana, kabla sijaonja. Sehemu ya jina nimeiacha wazi, uandike mwenyewe ukipenda. Na ninataka nikuoe."

Wateja wawili waliacha kuchagua bia.

"Sibadilishi neno hata moja," Bi Pua alisema.

"Usibadilishe."

Akaandika jina lake, herufi kubwa, kisha akachukua simu.

"Shangazi? Yule meneja anataka kunioa... Ndiyo, nimekubali... Eeh, shangazi. Kwa ajili ya chumvi."