Dole Gumba la Bibi Lukresia

Kila asubuhi, baada ya kuchota maji, Nyanjige alimkanda bibi yake goti kwa maji ya moto.

"Mwangaluka, bibi," alimwamkia kwa Kisukuma. "Goti limeamkaje?"

"Limeamka kabla yangu," alijibu Bibi Lukresia, na wote wawili wakacheka. Bibi huyo alikuwa na utani hata akiwa na maumivu.

Wiki hiyo Nyanjige alicheka kidogo tu. Alikuwa amefaulu darasa la saba na kupangiwa shule ya sekondari. Barua ya shule ilimtaka aje na cheti cha kuzaliwa, au kiapo cha kuzaliwa kilichothibitishwa na hakimu au wakili. Cheti hakuwa nacho, maana alizaliwa nyumbani. Mama yake alifariki zamani. Baba yake, Machibya, alikuwa safarini katika kijiji cha Lingeka akitafuta maksai wa kulimia, kwani tangu makampuni ya watu binafsi yaanze kununua pamba, alikuwa amejiwekea akiba. Shule ingefunguliwa Jumatatu, na bila kiapo Nyanjige angeikosa nafasi yake.

Akaenda Bariadi mjini kwa Hamimu, mpiga chapa aliyeweka taipureta yake kwenye baraza karibu na mahakama. Hamimu alimuuliza maswali, akachapa kiapo kwa jina la bibi.

"Sasa mlete bibi yako kwa hakimu," alisema Hamimu. "Asiweke sahihi yoyote kabla ya kufika."

Nyanjige aliitikia, lakini njia nzima alilifikiria lile goti. Kutoka kijijini kwao Sapiwi hadi mjini si karibu. Alipofika nyumbani alipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba la bibi, akaligandamiza chini ya karatasi. Bibi hakuuliza kitu, alidhani ni mambo ya shule. Nyanjige alilala akijiona mjukuu mwema.

Kesho yake alimkabidhi hakimu ile karatasi. Mheshimiwa Veronica alikuwa mama mpole, ila macho yake hayakupitwa na kitu.

"Dole hili ni la nani?"

"La bibi yangu, Mheshimiwa. Anaumwa goti."

"Mimi nimemwona akiliweka?"

"Hapana. Lakini ni lake kweli! Sikudanganya."

"Nakuamini, mwanangu. Ila nikigonga muhuri hapa, nitakuwa nimesema kwamba bibi yako ameapa mbele yangu. Bibi yako simjui hata kwa sura. Unataka sasa mimi nidanganye?"

Nyanjige aliinama kwa aibu. Alirudi nyumbani akilia, akamweleza bibi yote.

"Mbona hukuniuliza?" alisema Bibi Lukresia. "Goti ni langu. Kama linauma, nitasema mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata jirani yao Shigela alimpakia bibi nyuma ya baiskeli, akiwa amekalia mto. Nyanjige alitembea kando akiushika mkono wake. Njiani walipitia kwa mtendaji wa kijiji, akawaandikia barua ya kumtambulisha bibi. Hamimu aliwachapia karatasi nyingine, nao wakaingia kwa hakimu.

Mheshimiwa Veronica aliisoma barua ya mtendaji, akamtazama bibi vizuri. Kisha akasoma kiapo kwa sauti, polepole, kwa kuwa bibi hakujua kusoma.

"Mimi, Lukresia, mkazi wa Sapiwi, ninaapa kwamba mjukuu wangu Nyanjige Machibya alizaliwa katika kijiji cha Sapiwi..."

"Hapo hapana," bibi alimkatiza. "Alizaliwa Shishiyu, nyumbani kwangu. Ilikuwa mimba ya kwanza, na kwetu binti hurudi kwa mama yake kujifungua. Nilimpokea mtoto huyu kwa mikono yangu. Nilihamia Sapiwi kumlea baada ya mama yake kufariki."

Nyanjige alimtazama bibi yake kwa mshangao. Kwa kuwa alikulia Sapiwi, hakuwahi kufikiria kwamba alizaliwa pengine. Yeye ndiye aliyemwambia Hamimu aandike Sapiwi. Moyo ulimuuma, na papo hapo ukafurahi.

Karatasi ilichapwa upya. Hakimu aliisoma tena, na safari hii bibi alitikisa kichwa kukubali kila sentensi. Akashika Biblia, akaapa, akaweka dole gumba. Ndipo hakimu akatia sahihi, tarehe na muhuri.

"Umeona, Nyanjige?" alisema Mheshimiwa Veronica. "Ukikosa cheti, au majina yako yakitofautiana, kiapo kitakusaidia. Lakini anayeapa aje mwenyewe na utambulisho wake, asomewe, aelewe, ndipo atie sahihi mbele yetu. Huruma yako kwa bibi ilikuwa nzuri. Ila ningeifuata, leo ungekwenda shule na jambo lisilo la kweli lenye muhuri wangu."

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Nisamehe."

"Umeshasamehewa. Mpeleke bibi akapumzike."

Jumatatu, karani wa shule aliipokea karatasi, akainua kalamu.

"Umezaliwa wapi?"

"Shishiyu," alijibu Nyanjige. "Nyumbani kwa bibi yangu."