Kijani Kwenye Mchuzi wa Bibi Eudosia

Wakati wa likizo, asubuhi za Edilma zilifanana kama mayai. Alifagia uani, akawafungulia kuku, akapukuchua mahindi ya kusaga, kisha akasimama mlangoni pa jiko la bibi yake na kuvuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Ndipo alipoingia. Humo ndani hakuvuta pumzi nyingine mpaka alipotoka na kikombe chake cha kahawa, macho yamemtoka, uso umemwiva kama nyanya. Majirani wa Quebrada Seca waliapa kwamba mtoto huyo angeweza kutembea chini ya mto kutoka pale hadi mji wa Ocú bila kutoa kichwa nje.

Sababu ilikuwa sufuria za bibi. Kwa Bibi Eudosia, ng'ombe akichinjwa hakuna kinachotupwa. Maini yaliliwa asubuhi na vitunguu. Figo zililowekwa kwenye siki, na zikilowekwa, jiko zima lilinuka kama choo cha shule siku ya Ijumaa. Kwato zilichemshwa hadi mchuzi ukanata midomoni, mtu akifunga mdomo anapata shida kuufungua. Kijiji kizima kilimsifu bibi kwa mapishi hayo. Edilma, mwenye miaka kumi na miwili na pua kali kuliko ya mbwa, alikula wali mkavu na yai.

"Huyu mtoto ataolewa na kuku," bibi alizoea kusema.

Mwezi wa Februari, upepo wa kiangazi ulipokuwa ukipeperusha vumbi hadi kwenye meno ya watu, Mjomba Nodier, kitinda mimba wa bibi, aliamua kukandika nyumba yake. Alitaka kuoa baada ya Pasaka. Nguzo zilikuwa zimesimama na fito zimefungwa. Kilichobaki ni udongo, na udongo wa nyumba nzima haukandikwi na mtu mmoja. Kwa hiyo aliita junta. Kijiji chote huja siku hiyo, wanaume kwa wanawake. Wanaruka kwenye shimo la udongo na majani makavu, wanaukanyaga huku wakipiga mayowe ya furaha, wanaupakaza kwenye fito, na jioni kuta zimesimama. Hawalipwi hata senti. Wanalishwa. Na ole wake mwenye nyumba ambaye chakula chake ni kibaya! Watu hunawa miguu wakaenda zao, kuta zikabaki nusu, na Kanivali ikifika anaimbwa barabarani mpaka anatamani kuhamia Kolombia.

"Nitapika mondongo," bibi alitangaza, na Mjomba Nodier alirusha kofia juu. Huo mchuzi mzito wa matumbo ndio uliompa bibi jina.

Jioni kabla ya siku ya kazi, alimwita Edilma. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, na pua yake ilikuwa imeziba tangu vumbi lilipoanza. Mezani palikuwa na beseni, na ndani ya beseni palikuwa na kitu cha kijivu kilichotepeta, kikimeta na kutetemeka kila bibi alipoigusa meza, kana kwamba bado kinakumbuka kuwa hai.

"Mjukuu wangu, mimi siwezi kukuna safari hii. Utaenda kijitoni, chini ya kivuko, si juu, juu watu wanachota maji. Utakuna kwa kisu, utasugua kwa chumvi na ndimu. Na hili hapa, unaliona? Hili lina kurasa kama kitabu. Usilioshe kwa nje ukaniletea. Funua ukurasa mmoja mmoja, maana humo ndimo majani hujificha."

"Majani gani, bibi?"

"Aliyokula ng'ombe. Ungetaka yawe wapi, mfukoni?"

Edilma alilibeba beseni amelinyoosha mbali na mwili wake. Njiani maji ya kijivu yalimrukia mkononi, naye akasimama kuusugua mkono kwenye gome la mti hadi ukauma. Kijitoni aliwakuta samaki wadogo wakicheza. Alipotumbukiza matumbo majini, walitoweka wote. Alikuna sehemu za nje, ameukunja uso, amefunga jicho moja ili aone nusu tu. Uteute ulimganda chini ya kucha. Kisha akalifikia lile tumbo la kurasa. Alifunua ukurasa wa kwanza. Ndani yake palikuwa na tope la kijani, lenye uvuguvugu, lenye vipande vya nyasi vilivyotafunwa vikatafunwa tena. Harufu ilimpanda puani, ikashuka kooni, ikakaa.

"We! Unatapika au unaimba?" Sauti ilitoka ng'ambo ya kijito. Alikuwa Maruquel, rafiki yake wa darasani, nywele zimelowa. "Wenzako wote tuko bwawani kule. Njoo!"

"Bibi kanipa kazi."

"Naiona. Naisikia hadi huku. Ukimaliza hiyo utanuka mpaka shule zifunguliwe, dada. Mimi sikai na wewe dawati moja, nakwambia mapema."

Maruquel akaenda zake akicheka. Edilma alilitazama tumbo. Kurasa zilikuwa nyingi, zimebanana, kila moja na tope lake. Akalifunga jinsi lilivyokuwa. Akalisugua nje kwa ndimu zote zilizobaki hadi likang'aa na kunukia kama pipi. Halafu akaenda bwawani kuogelea.

"Umefunua kurasa zote?" bibi aliuliza aliporudi.

"Zote, bibi."

"Moja moja?"

"Moja moja."

Bibi akainama, akanusa kwa pua yake iliyoziba, akaambulia ndimu kidogo. Akatabasamu. Uongo ukishatoka hudai mwingine wa kuulinda, na Edilma aliona kwamba kisu cha bibi kikipasua lile tumbo, mambo yatakuwa wazi.

"Bibi, acha nikate mimi. Vidole vyako vinauma."

"Jamani! Nodier, njoo umsikie mpwa wako!" bibi aliita. "Na mlisema hafai jikoni!"

Edilma alikata haraka, mgongo ameugeuzia watu, akisukuma vipande sufuriani kabla havijafunguka. Sifa zile zilimchoma kuliko ambavyo fimbo ingemchoma.

Siku ya junta, shimo lilijaa miguu tangu asubuhi. Mzee Ceferino, mchinjaji wa kijiji na bingwa wa kukanyaga udongo, aliongoza, suruali imekunjwa hadi magotini. Sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba akipiga yowe Quebrada Seca, ng'ombe wa mkoa wa Los Santos husimama wakidhani wanaitwa nyumbani. Kuta zilipanda fito kwa fito. Adhuhuri ilipofika, kuta za mbele na za pembeni zilikuwa tayari, na watu walikuwa na njaa ya kula kofia zao.

Jikoni, sufuria kubwa ilikuwa ikitokota juu ya mawe. Edilma alichungulia, akaganda. Kurasa zilikuwa zimefunguka kwa moto. Vipande vya kijani vilielea juu ya mchuzi, vikizunguka polepole pamoja na mafuta. Mvuke uliompiga usoni ulinuka zizi lililonyeshewa mvua. Lakini bibi alikuwa ametia majani mengi ya kulantro, kiungo chenye harufu ya giligilani, kama kawaida ya mapishi yake, nayo pia yalikuwa ya kijani, nayo pia yalielea. Hakuna ambaye angejua jani lipi limetoka bustanini na jani lipi limetoka ndani ya ng'ombe. Hakuna, ila yeye.

"Bibi," alianza.

"Shika bakuli, usizubae. La kwanza ni la Mzee Ceferino."

Alitembea na bakuli lile kama mtu anayebeba nyoka. Watu walikuwa wameketi kwenye magogo, miguu ya udongo imenyooshwa. Mzee Ceferino alilipokea kwa mikono miwili.

"Lo! Tazameni kulantro hiyo! Eudosia leo hakubana mkono." Alichota kijiko, kimejaa kijani tupu. "Ina harufu kidogo, eh? Harufu ya shamba. Chakula cha kweli kina harufu."

"Mzee, utahubiri au utakula?" mtu akamtania. "Sisi huku tunakufa!"

Kijiko kilipanda. Edilma aliona tone moja la kijani likining'inia chini yake. Aliona ukuta wa nyuma ambao haujakandikwa. Alimwona bibi mlangoni, mikono yake iliyokakamaa imekunjwa kwenye aproni, akisubiri kusifiwa.

"Usile!" alipiga kelele. "Mzee, usile! Hiyo si kulantro!"

Kijiko kikasimama mdomoni.

"Ni nini basi?"

"Ni... ni chakula cha ng'ombe. Cha mwisho." Machozi yalianza kumtoka. "Sikufunua kurasa. Nilisema nimefunua, sikufunua. Niliona kinyaa. Bibi hana kosa, ni mimi."

Kisha nyuma ya jiko ikasikika sauti ya mtu akijitapisha. Alikuwa Mjomba Nodier, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipita sufuriani kuonja, kwa siri, kijiko baada ya kijiko.

"Nilidhani ni kulantro!" alilia kutoka migombani. "Nilirudia mara... ooo... nilirudia!"

Mtu mmoja alicheka, akafuatwa na wa pili, lakini wengine hawakucheka. Wawili walianza kunawa miguu. Edilma aliwaona, akajua maana yake.

Bibi Eudosia alikuja, akachukua bakuli mikononi mwa Mzee Ceferino, akalinusa, akalitazama. Hakumpiga Edilma, hakupaza sauti.

"Ceferino, bado una nini kwako?"

"Cha ng'ombe yule? Kila kitu kimechukuliwa. Yamebaki mapafu, nimeyatundika nyuma ya nyumba. Ya mbwa."

"Mbwa watakula mondongo, sisi tutakula mapafu. Edilma atayaosha hapa, mbele ya kila mtu. Nanyi," aliwageukia wale wa kunawa miguu, "udongo ule shimoni ukikauka hautasubiri matumbo yenu. Malizeni ukuta wa nyuma, nami nawalisha. Nisipowalisha, niimbeni Kanivali mpaka mkaukiwe sauti."

Wale wawili walitazamana, kisha wakarudi shimoni.

Mapafu yalikuja yametundikwa kwenye kijiti, ya waridi, yana madoa, na koromeo jeupe lililojikunja juu kama bomba la maji. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu naye.

"Mimina maji kwenye koromeo."

Alimimina. Mapafu yakavimba, yakavimba zaidi, yakawa kama mfuko unaotaka kupasuka.

"Sasa kamua."

Alikamua. Povu la waridi likatoka likibubujika, vidole vikazama ndani ya kitu laini kilichokwaruza kwa ndani kama mkate uliolowa. Aligeuza uso, akatapika kidogo kando, akafuta mdomo, akamimina tena.

"Leta kibuyu, nikumiminie," mtu alisema pembeni yake. Alikuwa Maruquel, amebana pua kwa vidole viwili. "Usinitazame hivyo. Jana nilikucheka, leo nanuka na mimi. Dawati letu litakuwa na nzi, basi."

Kutoka shimoni wanaume waliwaimbia, beti wakizitunga hapo hapo, juu ya msichana aliyesoma jalada akasema amemaliza kitabu. Edilma alilia akicheka, na aliendelea kumimina mpaka maji yakatoka meupe. Bibi aliyachunguza kwenye jua, akatikisa kichwa, akamwambia arudie. Akarudia.

Walichemsha mapafu na koromeo likining'inia nje ya sufuria, na povu lilidondoka kutoka humo kwenye beseni, tone zito kwa tone zito, kama mtu mwenye mafua. Hilo Edilma hakuweza kulitazama. Halafu yakakatwa vipande vidogo, yakakaangwa kwa vitunguu, saumu na pilipili. Ukuta wa nyuma ulipofika kwenye paa, chakula kilikuwa tayari, na wali, na muhogo.

Mzee Ceferino alipewa tena bakuli la kwanza. Alikichunguza kipande kwa mbele na nyuma, watu wote wakimtazama. Akatafuna, akafumba macho, akapiga yowe lililowaamsha kuku wote waliokwisha kulala. Basi mikono yote ikanyooshwa kuomba bakuli.

Bibi alimpa Edilma kipande kimoja. "Onja kazi yako."

Watu walisogea kumwona. Edilma alitia mdomoni, akatafuna. Kile kitu kilimrudia kwenye meno kama mpira.

"Vipi, tamu?" bibi aliuliza.

Edilma aliwatazama majirani waliochoka, waliojaa udongo hadi nyusi, wote wakingoja aseme ndiyo. Akameza kwa shida.

"Mbaya, bibi. Mbaya sana. Ni kama kutafuna godoro."

Bibi Eudosia alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko chake kikawaambukiza watu wote. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Hilo ndilo nililotaka kusikia jana uliporudi kutoka kijitoni. Unadhani mimi sioni kinyaa? Miaka yote hii, nikifunua zile kurasa, tumbo linanipanda vile vile. Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Ungekuja ukaniambia 'Bibi, nimeshindwa,' ningekaa nawe pale majini, tungetapika pamoja, na kazi ingeisha. Lakini uliponiambia 'zote, moja moja,' uliwapikia watu walionisaidia kitu ambacho hata wewe hukuthubutu kukigusa. Anayekula mkononi mwako amekuamini kuliko anayekukopesha mali. Ukichoka sema, ukishindwa sema, chakula kikiwa kibaya sema. Ila usimpe mtu bakuli ambalo wewe mwenyewe unaliogopa."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kile kijiko kiliposimama. Mjomba wako ndiye bado hajakusamehe."

Mjomba Nodier, ameegemea ukuta mbichi wa nyumba yake, rangi imemtoka, aliinua mkono kwa unyonge kuonyesha kwamba atafikiria. Bibi akaingia jikoni na kuweka kikaango motoni, akamkaangia mjukuu wake yai.